Ubao wa Udhu

Bomba lilikuwa limevuja chini kwa chini, na sakafu ya mbao ya bafu la ghorofani ikaoza. Fundi Shomvi alizigonga mbao moja moja kwa kidole, akisikiliza, na mbovu akazing'oa. Alipofikia ubao uliolika mahali pawili, ukubwa wa nyayo, Bi Zuhura aligeuza uso. Hapo ndipo marehemu mumewe alipokuwa akisimama kutia udhu kwa miaka arobaini.

"Na huo umeoza?"

Fundi alimtazama kidogo. "Ncha tu, mama."

Akaikata ncha, akaunga kipande kipya hata kiungo kisionekane, akaurudisha ubao palepale. Mbao mpya zote alizipiga randa. Ule hakuugusa.

Bi Zuhura akamwaga maji kujaribu. Yalitiririka yote, yakasalia kidogo kwenye zile nyayo mbili.