Mtu wa Kuchanja

Saa moja na dakika kumi asubuhi, Jumamosi, mkokoteni uliojaa mawe ulikuwa umeziba lango la kanisa moja mtaani Tuwan, Kitale. Wanaume kumi na mmoja waliuzunguka. Sita walikuwa na marungu.

Mkokoteni ulikuwa wa Walubengo, muuza mahindi. Mkewe, Phelista, alichanjwa dhidi ya korona mwezi Novemba na akafa siku nne baadaye. Karatasi ya hospitali ilisema malaria. Walubengo aliisoma mara moja na hakuiamini. Sasa binti yake Ivy, mwenye miaka kumi na saba, alikuwa ameandikisha jina lake kanisani bila kumwuliza. Walubengo alikuwa amemfungia chumbani.

Tangazo la pasta lilikuwa fupi: chanjo bure kwa watu mia tatu, barakoa na sabuni kwa kila nyumba, chai kwa wote. Mtu wa kuchanja angetoka Bungoma. Hakumtaja jina.

"Huyo asipoingia, hakuna sindano," Walubengo aliwaambia wenzake. "Ivy wangu hachomwi."

Saa moja na nusu, mwanamume mrefu alifika kwa miguu, mikono mitupu.

"Habali zenu, wazee. Mbona mmefunga rango?"

"Umetoka wapi?" Walubengo aliuliza.

"Kwetu ni Bungoma. Niliambiwa nifike mapema, ati kuna kazi ya kuchanja."

Wanaume walitazamana. Matthew, fundi wa baiskeli, alimzunguka polepole.

"Kumbe ni wewe, daktari! Na koti jeupe umewacha wapi?"

Mgeni alicheka. "Kwa hii kazi, bana? Si ritachafuka rote!"

"Vifaa je?"

"Iko ndani. Niliacha hapa jana jioni."

"Na utaanzaje?"

"Naanza na kubwa. Ndogo ni rahisi, inafuata. Saa nne ikifika, nimemaliza zote."

"Mmesikia?" Walubengo alisema. "Zote! Na ni mtu wa kwetu kabisa, sikieni anavyoongea. Ametumwa atumalize." Akamsogelea. "Unatumia mkono gani?"

"Yote mbili," mgeni alisema, bado akitabasamu.

Rungu la kwanza lilimpata mdomoni. Meno mawili yalianguka kwenye changarawe. Alipoinama, wanaume wawili waliukamata mkono wake wa kulia na kuulaza kwenye ukingo wa mkokoteni. Matthew alichagua jiwe, akalishusha mara tatu. Mfupa ulitoka chini ya kiwiko.

"Wazee," mgeni alisema kwa shida, "hii ni kazi tu. Mkisema niende, naenda."

"Mwingine," Walubengo alisema.

Waliuvunja wa kushoto kwa mapigo mawili. Mgeni alijaribu kutambaa kuelekea barabarani akitumia viwiko, akaenda hatua nne hivi. Walubengo alimfuata, akasimama juu yake, akampiga kisogoni mpaka rungu likapasuka. Mwanamke aliyekuwa akifungua kibanda chake ng'ambo ya barabara alikifunga tena.

Saa mbili kasoro dakika tano, mgeni aliacha kupumua.

Polisi walifika saa mbili na robo. Kumi walikuwa wamekimbia. Walubengo alikuwa ameketi juu ya mawe yake, damu ikimkaukia kwenye shati. Alinyoosha mikono mwenyewe afungwe pingu.

"Mtoto wangu yuko salama," alimwambia sajini. "Andika hivyo. Huyu alikuja kumuua, na sasa hawezi."

Walikuwa wakimpandisha kwenye gari wakati Edinah, mpishi wa kanisa, alipotokea kutoka sokoni, mfuko wa sukari kichwani. Alipita katikati ya watu waliokusanyika. Mfuko ulianguka.

"Mama, unamjua?" sajini aliuliza.

"Ni Wangila," Edinah alisema. "Nilimwita atuchanjie kuni za chai."