Plagini ya Nne

Kwa mara ya tatu mchana ule, marehemu alikwama kwenye neno "nyumba."

"Nyu... nyu... krrr," spika zikatoa, kisha zikanyamaza. Sebule nzima ikamgeukia fundi sauti, binti wa marehemu, aliyekuwa ameinamia kompyuta kwenye meza ya chakula huku kijasho chembamba kikimtoka.

"Ikifika kwenye nyumba tu, inakwama," alisema kaka yake. "Ajabu hiyo."

"Si ajabu, kaka. Prosesa, ubongo wa kompyuta, imezidiwa."

"Wewe ndiye fundi. Sisi wengine tutajuaje?"

Maneno hayo yalimchoma. Wosia ule wa sauti, aliourekodi baba yao kabla ya kufa, ulimpa yeye nyumba, na tangu mazishi kaka yake alikuwa akisema chinichini kwamba rekodi imechezewa. Siku ya kurekodi fundi mwenyewe hata hakuwepo. Alikuwa zamu redioni, na mumewe ndiye aliyekaa na mzee chumbani. Leo kaka alikataa nakala. Alitaka wosia usikike kutoka kwenye kompyuta ileile, mbele ya baba mkubwa, tena kwenye spika, kila mtu asikie. Fundi alikubali bila kinyongo. Nyumba ilikuwa nyumba tu. Alichotaka ni kaka yake aache kumtazama kama mwizi.

Baba mkubwa akaangalia saa. "Itapona hiyo, mwanangu?"

"Itapona, baba."

Akafungua orodha ya kazi zote zilizokuwa zikiendeshwa na mashine. Uzuri wa Linux, mfumo ulioendesha kompyuta hiyo, ni kwamba ukiiuliza inakujibu: programu ya sauti peke yake ilikuwa imekula asilimia tisini na saba ya prosesa. Akaongeza bafa, ile akiba ya sauti inayoandaliwa kabla ya kuchezwa, ili mashine ipate nafasi ya kuhema. Akaitoa kwenye hali ya kubana umeme. Akabonyeza. Marehemu akasema maneno matano, akakwama tena.

Basi ni plagini, vile viprogramu vya nyongeza vya kurekebisha sauti. Mumewe alikuwa ameweka nne, kwa pupa ya mwanafunzi, maana ufundi huo alijifunza kwa mkewe. Akazima ya mwangwi. Nani anamwekea mgonjwa mwangwi, kana kwamba anaimba kwaya? Tisini na tano. Akazima ya besi, kisha ile ya kusawazisha sauti. Tisini na tatu.

Mumewe akaja na kikombe cha chai, akakiweka mbali kidogo na kompyuta, akamshika bega. "Hiyo ya nne iache," alisema kwa upole. "Ndiyo inayoondoa kelele za feni. Ukiizima hamtasikia kitu."

"Nimeona. Asante."

Kaka alikuwa ameanza kutembea, mlangoni hadi dirishani, dirishani hadi mlangoni. Fundi naye mguu haukutulia chini ya meza. Aliikodolea macho ile namba huku baba yake akizungumza vipande vipande. Mzee aliposema, namba ilishuka. Aliponyamaza kuvuta pumzi, ikaruka juu. Akajiambia ni kawaida. Kuna plagini zisizojua kukaa bure, zikikutana na ukimya ndipo zinapohangaika.

"Saa nzima sasa," kaka alisema. "Lisemwalo lipo, baba mkubwa. Kuna kitu kimefichwa humo."

"Hakuna kilichofichwa!" Sauti yake ilipanda kuliko alivyokusudia, na machozi yakamlengalenga.

Baba mkubwa akainua mkono. "Kama ni feni, mwanangu, tutaivumilia feni. Wewe tupe sauti ya ndugu yangu."

"Tuahirishe, mke wangu," mumewe akaingilia. "Umechoka. Kesho nitaazima kompyuta nyingine."

"Sitalala tena nikiitwa mwizi."

Akaigeuza kompyuta ili kaka yake aone mwenyewe, kisha akaizima plagini ya nne mbele yao wote. Namba ikaporomoka hadi kumi na moja. Kwa mara ya kwanza siku ile alitabasamu. Alirudisha rekodi mwanzo, akapandisha spika mpaka mwisho, akabonyeza.

Hakukuwa na feni. Kulikuwa na kitanda kikilia, pumzi nzito za mzee, na mnong'ono wa mtu wa pili, karibu kabisa na maikrofoni.

"Sema, baba mkwe. Sema, 'Nyumba nampa binti yangu.' Ukimaliza nitakupa maji."