Maji ya Birika

Mwotesha miche alirudi nyumbani mapema kuchukua kisu alichosahau, akamkuta mumewe kibandani ameinamia trei za mbegu, akizimiminia maji ya birika. Mvuke ulikuwa ukipanda.

Zilikuwa mbegu za nyasi za porini, zile zenye mashuke ya zambarau, alizozichuma mwenyewe mlimani. Hoteli moja ya mbali ilizipenda kwa bustani yake, ikamwahidi kazi huko akifanikiwa kuziotesha. Misimu miwili alipanda, hakikuota kitu. Alilaumu udongo, akalaumu mikono yake, na mumewe ndiye aliyekuwa akimbembeleza: "Pole, mama watoto. Za porini zina kiburi."

Sasa mumewe aliganda, birika mkononi.

Mwanamke hakupiga kelele. Alipiga magoti, akafukua tope la moto kwa kucha mpaka akapata kichipukizi chembamba kama uzi, bado kijani, kimelegea kama mboga iliyoiva. Akakilaza kiganjani.

"Kumbe zilikuwa zinaota," alisema.

"Ungeenda zako huko hotelini," mumewe akasema. "Mimi na watoto ungetuacha na nani?"

"Si nilikwambia twende wote?"

"Nikawe nani huko? Mume wa bibi nyasi?"

Kwenye rafu ulikuwa umebaki mfuko mmoja wa mbegu. Mwanamke akauchukua, akaukumbatia kifuani, akamgeukia mumewe, ambaye sasa alikuwa amesimama katikati ya mlango.

"Nipishe."