Mstari Ulionyooka

"Volkano haikati kwa rula," Niyigena alijisemea, kidole juu ya kioo cha kompyuta.

Ramani ilionyesha njia ya lava iwapo mlima ungepasuka tena. Wekundu ulishuka vizuri, halafu ukakatika kwa mstari ulionyooka kabisa. Chini yake mtaa wote wa Majengo ulikuwa mweupe, yaani salama.

Mkuu wake alisimama mlangoni, simu mkononi. "Mama, niambie redio batu ya Majengo barudie?"

"Ngojea kidogo, papa."

"Unacheza na mashini, na batu benye balikimbia mulima banalala inje kule Sake!"

Kompyuta kubwa iliyochora ramani hiyo ilikuwa ya ofisi nzima ya kuchunguza volkano. Iligawa hesabu vipande kumi na sita, kila kimoja sehemu yake ya ramani, na jana mtu aliweka toleo jipya la programu ya kugawa na kukusanya vipande. Niyigena, kwa udadisi tu, akarudia toleo la zamani kwenye akaunti yake, akaanza hesabu upya.

Kipande cha kumi na sita kikachelewa. Kikaja. Kumbe weupe ule ulikuwa jibu la kipande hicho, lililopotea njiani kwa sababu toleo jipya halikulisubiri. Majengo ikaanza kuwa nyekundu, barabara moja baada ya nyingine.

"Allô, redio?" mkuu alikuwa anasema.

Niyigena akamnyang'anya simu.