Kiti cha Kushoto

Kiponda alikilaza nyuma kiti cha kushoto, maana mzee hakunji magoti, akamfunga mkanda kifuani.

"Kesho asubuhi naja kuchukua gari," alisema Sinyori, Mtaliano mwenye hoteli, mkono wake tayari uko juu ya boneti.

"Kesho," alijibu Kiponda.

Ndiyo yaliyokuwa makubaliano: gari kwa mzee. Sinyori alikataa kumwachilia bure, akakataa mbuzi wanne, akakataa na maombi. Alichokitaka ni ile Lotus Cortina ya Uingereza, nyeupe yenye mkanda wa kijani, na injini yake ya kamshafti mbili iliyokimbia mashindano ya Pasaka mara tatu. Injini hiyo aliyeifunga ni Gona, baba yake Kiponda. Dereva akipewa kombe, Gona akipewa soda. Tajiri wa timu alipolichoka gari, ndipo akamwachia.

Mafundi wa Malindi walimcheka Kiponda. Gari kama lile unalitoaje? Haya, wacheke. Mama yake, Nyevu, alikuwa mgonjwa mwezi wa nne huo, na neno lake lilikuwa moja tu: asifumbe macho kabla mumewe hajarudi bomani Marafa.

Mzee alichukuliwa mchana mmoja wa mwaka 1983, watu wote wako shambani. Ilipita miaka miwili ndipo Kiponda, aliyeitwa kutengeneza jenereta ya hoteli, alipomwona mlangoni kati ya vyungu vya maua. Hapo ndipo aliposimama usiku na mchana, jua lake, mvua yake, na wageni wakipiga naye picha. Kiponda alimwamkia. Hakuitikiwa.

Walivuka daraja la Sabaki. Barabara ya vumbi ilipoanza, Kiponda alikanyaga mafuta.

"Isikilize, baba. Iko mizunguko elfu sita na haikohoi."

Zamani Gona angetega sikio, aseme vali ya tatu inagonga. Kiponda alijitafutia uchungu wa kuliacha gari, asiuone. Aliiona mikono yake tu ikibadilisha gia. Moyo ulikuwa umekufa ganzi.

Nyevu alikuwa mkekani tangu alfajiri, kitambaa kipya mapajani.

"Umemleta?"

"Nimemleta, mama."

"Hakuumia njiani?"

"Nilimfunga mkanda."

Kiponda alimtoa mzee garini, akambeba begani hadi pembeni mwa boma, akamshusha wima katika shimo lake la zamani na kushindilia udongo kwa kisigino. Nyevu alijikokota akafika. Alikibandua kibandiko cha bei kwenye kile kigango, mti uliochongwa kwa sura ya mtu kuwa kumbukumbu ya Gona, akakifunga kitambaa kipya shingoni, akamimina tembo kidogo chini.

"Karibu nyumbani, baba Kiponda," alimwambia marehemu.