Mbuzi wa Mahona

Serikali ilikuwa imelipia masomo ya chuo kikuu, basi wazazi wa Mahona wakaona wao wagharamie afya. Walinunua beberu mweusi mwenye ndevu za mwalimu mkuu. Mganga akamfunga shingoni kipande cha shati la Mahona: maradhi yatakayomwandama kijana huko Dar es Salaam, yote yatamshukia mbuzi.

"Shikamoo, Bima," Mahona alimwamkia beberu, huku akikohoa kikohozi chake cha wiki nzima.

Treni ilipoanza kuondoka Tabora, kikohozi kilikatika ghafla. Mahona akacheka peke yake dirishani.

Pale stesheni mdogo wake wa kike alikuwa akimpungia mkono. Shingoni alikuwa amejifunga kile kitambaa, kwa fundo la tai.

"Kaka, nimemvua Bima! Nibaki na kumbukumbu yako!"

Kisha akainama, akakohoa.