Sauti ya Mtafsiri wa Kung-fu

Mama mmoja nisiyemjua alibisha hodi nikiwa nahakiki filamu za zamani. Siku hizi filamu huhifadhiwa vichwani mwetu wahakiki, na kila inayoingia humfutia mhakiki kumbukumbu yake moja, yoyote ile.

"Anayetafsiri hii ya kung-fu ni marehemu mume wangu," alisema, akinipa kanda. "Alikuwa akichekesha kibanda kizima cha video. Ukiikataa, mwanangu, itateketezwa."

Tukaitazama. Shujaa aliruka juu ya paa, na sauti ya marehemu ikasema, "Msimshangae, kamwona mama mkwe." Tulicheka sote wawili.

"Nitaihifadhi, mama," nikaahidi, nikaihifadhi.

Jioni mama yangu mzazi alinipigia simu, akaimba kidogo.

"Si ndio huu niliokuwa nikikubembelezea?"

Nikamwambia ni wimbo mzuri, aendelee.